Baden-Powell: kutoka Mafeking hadi Nyeri

Kila mwaka inapokaribia Februari 22, mji wa Nyeri hupokea vijana wenye skafu shingoni kutoka pembe mbalimbali za Kenya na hata nje ya mipaka. Wanakwenda kwenye kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyezaliwa London siku hiyo mwaka 1857 na kufariki Nyeri Januari 8, 1941. Jiwe la kaburi lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti akiwa porini huwaachia wenzake kuwajulisha kwamba ameshakwenda nyumbani. Serikali ya Kenya imelihifadhi kaburi hilo kama turathi ya taifa.

Sina ugomvi na ziara hiyo. Uskauti umewalea vijana wengi wa nchi zetu, na nchini Tanzania Rais ndiye mlezi wa chama. Ugomvi wangu ni na simulizi wanayopewa vijana hao njiani. Inaanza mwaka 1907 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, kwenye kambi ya wavulana wapatao 20, kana kwamba aliyewawashia moto pale hakuwa na maisha kabla ya hapo. Alikuwa na miaka 50. Zaidi ya 30 kati ya hiyo aliitumia jeshini, na sehemu kubwa ya vita vyake aliipigania katika ardhi ya Afrika, dhidi ya Waafrika.

Mwaka 1896 alikuwa kusini mwa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Wandebele walipoinuka kupinga utawala wa kampuni ya Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza. Kiongozi mmoja wa waasi, Uwini, alikamatwa. Maofisa wa ngazi za juu walitaka wafungwa wa aina yake wakabidhiwe kwa mamlaka ya kiraia. Baden-Powell akaitisha mahakama ya kijeshi, Uwini akahukumiwa kifo na kupigwa risasi. Ulifanyika uchunguzi wa kijeshi, naye akaondolewa lawama. Wanaomtetea wanasema vita vilikuwa vikali na kwamba kifo cha Uwini kiliwafanya waasi wengi waweke silaha chini. Inawezekana kweli waliziweka. Lakini hoja hiyo inapima uhai wa mtu kwa faida aliyoipata aliyemuua, na uchunguzi uliofanywa na jeshi lenyewe juu ya ofisa wake hauwezi kuwa neno la mwisho kwa msomaji wa leo.

Jina lake lilikuzwa na Mafeking. Kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 17, 1900, kwa siku 217, Makaburu, waliokuwa vitani na Waingereza, waliuzingira mji huo mdogo wa Afrika Kusini, naye ndiye aliyeongoza ulinzi. Hapa lazima tumpe haki yake: alikuwa mjanja. Aliwaamuru askari wake watembee kwa kunyanyua miguu juu, kana kwamba wanaruka waya wa miiba, ili Makaburu wanaotazama kwa mbali waamini kwamba waya upo. Alizika masanduku ya mchanga na kueneza habari kwamba ni mabomu. Vijana wadogo wa mji, wa Kizungu, waliundiwa kikosi cha kupeleka barua na ujumbe, na kutoka kwao alipata wazo kwamba mtoto akipewa kazi ya kweli hubeba wajibu wa kweli. Habari za mji kukombolewa zilipofika London watu walimwagika barabarani kusherehekea, na yeye akapandishwa cheo kuwa Meja Jenerali.

Sasa tuuangalie mji wenyewe. Mbali na Wazungu wasiofika 2,000, walikuwamo Waafrika wapatao 7,000. Wengi walikuwa Barolong, wenyeji wa hapo. Wengine walikuwa wakimbizi na vibarua waliotoka migodini na kukwama vita vilipoanza. Tunayajua maisha yao kwa sababu mmoja wao aliandika. Sol Plaatje, kijana aliyekuwa mkalimani wa mahakama ya Mafeking, aliweka shajara wakati wa mzingiro, na ilichapishwa mwaka 1973, miongo kadhaa baada ya kifo chake. Huyu ndiye Plaatje aliyekuja kuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha Afrika Kusini tunachokijua leo kama ANC.

Chakula kilipopungua, mgao wa Waafrika ndio uliobanwa zaidi. Farasi walichemshwa wakawa supu, na makapi ya shayiri yakapikwa uji mchachu uliouzwa kwa watu wenye njaa. Walioiba chakula walichapwa viboko, na wachache walipigwa risasi. Wale wasio Barolong walibanwa ili waondoke mjini waende Kanye, karibu kilomita 100 kuelekea Botswana ya leo, ambako Waingereza waliweka akiba ya chakula. Njia ilipita katikati ya maadui. Baadhi walifika, baadhi walipigwa na kurudishwa, na wengine walikufa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanahistoria mmoja alimshutumu Baden-Powell waziwazi kwamba aliwaacha Waafrika wafe njaa ili Wazungu washibe. Wengine walimjibu. Walisema mgao wa Wazungu nao ulipunguzwa, kwamba bila majiko ya supu wangekufa wengi zaidi, na kwamba kamanda asiyejua msaada utafika lini hana budi kuhesabu kila punje. Nimezipima hoja za pande zote mbili. Sioni ushahidi kwamba alidhamiria kuwaua watu kwa njaa. Ninachokiona wazi ni kwamba alipolazimika kuamua nani apunguziwe kwanza, rangi ndiyo iliyoamua, na hakuonekana kuhitaji kulifikiria mara mbili. Hakuwa peke yake, maofisa wengi wa kizazi chake wangefanya vivyo hivyo. Hilo linatueleza kizazi chake, lakini halimpunguzii njaa aliyekuwa na njaa.

Kisha kuna usiku wa kuamkia Mei 12, 1900, ambao kwangu ndio kiini cha jambo lote. Kikosi cha Makaburu chini ya Sarel Eloff, mjukuu wa Rais Kruger wa Makaburu, kilipenya kupitia kijiji cha Barolong, kikachoma nyumba na kuiteka ngome ya polisi ndani ya mji. Barolong wenye bunduki waliwaacha wapite, kisha wakaziba njia nyuma yao ili wengine wasiingie. Eloff alijikuta amekatwa na wenzake, na jioni akasalimu amri pamoja na watu wake wapatao mia. Mji ulinusurika kwa kuwa waliobanwa mgao ndio waliosimama mlangoni. Simulizi ya ushujaa wa Mafeking iliyosambaa Uingereza iliwasahau watu hao kabisa, na mwanajeshi aliyenufaika nayo zaidi hakuhangaika kuisahihisha.

Upande wa pili si mwepesi, wala nisingependa ufanywe mwepesi. Majenerali wengi wa enzi hiyo walistaafu wakaandika kumbukumbu na kuwinda. Huyu alikuta kitabu chake cha kufundisha askari upelelezi kikisomwa na wavulana, akakaa chini akakiandika upya kwa ajili yao. Mwaka 1908 ukatoka mwongozo wa uskauti, na vikosi vikajiunda vyenyewe kabla hajapata hata ofisi ya kuviandikisha. Wasichana walijitokeza kwenye mkutano wa skauti wa Crystal Palace, London, mwaka 1909 wakidai nao ni skauti, na mwaka uliofuata chama cha Girl Guides kikaanzishwa chini ya dada yake, Agnes. Mwaka huohuo aliacha jeshi akiwa Luteni Jenerali. Mwaka huohuo pia uskauti ukaanza Kenya.

Wakosoaji wanasema ulikuwa mpango wa kuandaa askari wa himaya, na sare ni ushahidi. Mwanzoni kulikuwa na ukweli ndani yake: aliandika akiwa na hofu kwamba vijana wa Uingereza ni dhaifu na himaya itaporomoka. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza alibadilika kwa vitendo. Kuanzia mwaka 1920 aliitumia mikutano ya jamboree, yaani kambi kubwa za skauti wa nchi nyingi, kukutanisha vijana ambao baba zao walikuwa wakiuana miaka miwili kabla. Leo chama hicho kina wanachama zaidi ya milioni 50 duniani. Utawala wa Hitler ulikipiga marufuku Ujerumani, na Wanazi wakaliweka jina la Baden-Powell kwenye orodha ya watu wa kukamatwa pindi Uingereza itakapotekwa. Ni kweli kwamba mwaka 1939 aliandika katika shajara yake kwamba kitabu cha Hitler kina mawazo mazuri kuhusu elimu na afya, ila mwenyewe hayatekelezi. Ni maneno ya aibu. Ndiyo yaliyorudiwa zaidi mwaka 2020, halmashauri ilipotaka kuiondoa sanamu yake mjini Poole na wakazi wakaja kuilinda. Nchini Uingereza mjadala ule ulimalizikia kwenye sanamu. Kwetu swali zito zaidi lilikuwa, na bado ni, sheria ya nne ya skauti.

Sheria hiyo inasema skauti ni rafiki wa wote na ndugu wa kila skauti. Mwafrika wa miaka ya 1920 aliisoma akaielewa kama ilivyoandikwa. Afrika Kusini, Wazungu hawakutaka ndugu weusi, hivyo wavulana wa Kiafrika wakaundiwa chama cha pembeni kilichoitwa Pathfinders. Baden-Powell mwenyewe alifika mwaka 1936 kutafuta suluhu, na suluhu ikawa shirikisho lenye matawi tofauti kwa kila rangi. Alikuwa na heshima ya kutosha duniani kusema hapana, akachagua kutowaudhi walowezi. Matawi hayo yaliunganishwa mwaka 1977, miaka 36 baada ya kifo chake, wakati ubaguzi ungali sheria ya nchi.

Lakini tazama Kumasi, mji mkuu wa Waasante katika Ghana ya leo. Mwaka 1896 Baden-Powell alikuwa katika jeshi lililomng'oa mfalme Prempeh wa Asante na kumpeleka uhamishoni, hatimaye Ushelisheli. Prempeh alirudi nyumbani mwaka 1924, akawa rais wa skauti wa Asante. Wapo wanaoliona tukio hilo kama ushindi wa himaya, kwamba mfalme alifugwa. Mimi naona mzee aliyejua vizuri nani alimfunga, na aliyeona kwamba chombo hicho kinaweza kuwafaa watoto wake bila kumwomba radhi aliyekitengeneza.

Nyeri yenyewe ina historia yake. Mwaka 1938 Baden-Powell na mkewe Olave walihamia kwenye nyumba ndogo waliyojengewa katika uwanja wa hoteli ya Outspan, mali ya Eric Sherbrooke Walker aliyewahi kuwa katibu wake. Akawa anachora ndovu na ndege huku akiutazama Mlima Kenya. Wakikuyu waliouzunguka mji huo walikuwa wakilia juu ya ardhi iliyochukuliwa, na haikupita miaka 15 kabla ya kilio kugeuka vita. Dedan Kimathi, mzaliwa wa wilaya hiyohiyo, alikamatwa mwaka 1956 si mbali na kaburi hilo.

Sitaki kaburi liguswe, wala sitaki vijana waache kwenda. Nataka viongozi wa vikosi, kabla ya gwaride na wimbo, wawasomee skauti kisa cha Uwini, wawaeleze njia ya Kanye, na wawatajie Barolong walioziba njia nyuma ya Eloff. Ahadi ya skauti huanza na heshima yake, kwamba neno lake liaminike. Nusu saa ndani ya basi kutoka Karatina inatosha.