Ndoo Tupu Ina Vina

Mtunzi akikwama Mombasa hupewa dawa moja: nenda baharini. Nenda ufukwe wa Mama Ngina, keti, tazama mawimbi, ilhamu itakujia. Yakhe, bahari hii tumezaliwa tumeikuta. Asubuhi iko, jioni iko, na ingekuwa inatoa mashairi kama inavyotoa chumvi, kisiwa kizima kingekuwa malenga mtupu. Kinachokujia pale ni muuza mihogo ya kukaanga. Ndimu, pilipili, chumvi, na daftari linapata doa la mafuta palepale ulipotaka kuandika ubeti wa kwanza.

Dawa ya pili ni subira: ngoja hali itulie. Itulie lini? Mwezi wa pili joto linakuchemsha na feni imesimama, stima imepotea. Mwezi wa tano ni mvua, barabara imekuwa mto na tuktuk imekuwa ngalawa. Ukitoka hapo kusi linavuma, nguo hazikai kambani. Anayengoja hali itulie atazikwa na kalamu ambayo kifuniko chake hakijawahi kufunguliwa.

Muyaka bin Haji alitunga mjini humuhumu zama za utawala wa Wamazrui, karne ya 19, na hakungoja utulivu. Mombasa na Unguja zilikuwa zikigombana, yeye anatunga. Njaa na ufukara viko mlangoni, anatunga juu ya hivyohivyo. Halafu kuna Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Za chooni! Na wewe una daftari la kurasa mia mbili, kalamu tatu, simu yenye tochi, unalia huna mazingira.

Basi tusilie bure. Kulalamika tunakujua, tena kwa ufasaha. Kilichobaki ni kuhesabu.

Anza na lawama kama inavyotoka mdomoni, usiipambe. Mathalani: "Huu mfereji siku ya tisa hii, ukiufungua unapuliza tu kama mwenye pumu." Humo tafuta picha moja, usichukue zote. Picha ni mfereji unaopumua. Sasa shairi letu la kawaida, tarbia, lina mishororo minne kila ubeti, na kila mshororo una vipande viwili, ukwapi mbele na utao nyuma, mizani, yaani silabi, nane kila upande. Hesabu kwa vidole: una kumi, nane zifanye kazi, gumba zote mbili zipumzike. "Mfereji unapumua": m-fe-re-ji-u-na-pu-mu-a. Tisa! Gumba moja limeamshwa. Toa "una", weka "wa": mfereji wapumua. Nane. Umeshapata ukwapi, na hukwenda ufukweni.

Hiyo "m" ndiyo inayowaangusha wengi. Ikisimama peke yake mbele ya konsonanti ni mizani kamili: m-tu ni mbili, m-fe-re-ji ni nne. Lakini katika mbuzi "mb" imeshikana, mbu-zi, mbili tu. Ng'ombe pia ni wawili, hata akiwa mnene vipi. Saa ni mbili, ndoo ni mbili. Na tuktuk haina hesabu kabisa, inaishia hewani kama abiria wa mlangoni. Ukiitaka shairini iandike tukituki na uvumilie kuchekwa.

Kabla hujaendelea na mshororo wa pili, ruka uende wa nne. Huo ndio kituo, na kitungwe mapema, kwa sababu kitarudi kila ubeti. Kikiwa kibovu katika shairi la beti sita, umekosea mara sita kwa kosa moja. Kituo kizuri ni kile ambacho jirani akikisikia hacheki wala halii, anaguna tu: "Mmh."

Kisha vina, yaani silabi zinazofanana katikati na mwisho wa mishororo. Hapa watu wanakuwa wapunjaji, wanaanza shairi wakiwa na maneno mawili ya kina mfukoni. Piga hesabu ya matumizi kwanza. Ukitaka mtiririko, yaani vina vilevile mwanzo hadi mwisho, beti sita zenye kituo kimoja zinakula maneno 18 ya kina cha kati na 18 ya kina cha mwisho, bila kuhesabu kituo. Huna 18? Tunga ukaraguni, ubadilishe vina kila ubeti, si dhambi. Kina cha "na" ni cha bei nafuu, vitenzi vya kupendana na kugombana vinakupa bure. Cha "ri" kimejaa: habari, safari, bahari, subiri, shari, yaani foleni nzima ya feri ya Likoni. Lakini ukimaliza mshororo wa kwanza kwa "kamba ngumu ya ukigwe", sasa tafuta vina vya "gwe", hayo umejitakia.

Ukipanga hivyo, mfereji unazaa hivi:

Mfereji wapumua, maji hautupi tena,
Miluzi watupigia, kama ndege wa mchana,
Mkokoteni wajia, bei si ile ya jana,
Ndoo tupu yangojea, mimi nayo twangojana.

Hesabu mwenyewe, gumba zisiguse.

Ukikwama katikati kuna ruhusa za watunzi, na jambo la kuudhi ni kwamba mji mzima unazitumia isipokuwa wewe. Inkisari ni kufupisha neno ili mizani itoshe: "aliyekuja" ni tano, "alokuja" ni nne. Hamri za siku hizi ni inkisari tupu. Jina lilelile, bei ileile, ukipasua katikati unakuta hewa, na mbaazi nazo unazihesabu kama mizani. Mazida ni kurefusha, "afya" ikawa "afiya". Iangalie nauli ya matatu mara tone la kwanza la mvua linapodondoka. Tabdila ni kubadilisha herufi na hesabu ikabaki palepale, kama "lawama" kuwa "lawamu" ili kina kitimie. Fundi akikwambia anafika baada ya dakika tano, atatimiza hiyo tano. Kilichobadilika ni dakika kuwa saa. Na kuboronga sarufi ni kupangua maneno, "wangu mtungi" badala ya "mtungi wangu", jambo ambalo dereva wa tuktuk hulifanya Mwembe Tayari kila siku: kichwa huku, mkia kule, abiria katikati ya barabara, na bado anaeleweka.

Ila zitumie kama pilipili. Ubeti wenye inkisari nne ni kama ujumbe wa simu wa mtu aliyeishiwa salio.

Kinachoharibu zaidi ni vijazo. Mtunzi amefika mizani sita, mbili zimepungua, anapachika "sana". Ubeti wa pili "kweli". Wa tatu "jamani". Ukiona hivyo jua hukukosa mizani, ulikosa la kusema. Rudi kwenye lawama uliyoanza nayo uikamue tena. Mfereji ulipiga miluzi? Saa ngapi? Nani aliamka akidhani ni mgeni? Bado kuna maji mle, japo si ya kunywa. Simu nayo ni adui. Unaandika "yangojea", inakusahihishia kwa neno la Kizungu, na mshororo unavaa tai. Zima huo usahihishaji au rudi kwenye penseli.

Mahali pa kujaribia ni foleni. Pale kwenye feri ya Likoni aendaye kwa miguu hatozwi kitu, unalipa kwa jua tu, na huwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mkono mmoja una mfuko wa nyanya, wa pili utie mfukoni uhesabu kwa vidole humohumo. Simu nayo utakuwa unailinda humo. Ghani ubeti chinichini ukitua kidogo mwisho wa ukwapi. Panapochechemea ulimi ndipo penye kosa, hata kama vidole vilikubali. Mtu wa pembeni akigeuka kukutazama, endelea. Akisema "sisi wiki ya tatu hatujaona tone", nyamaza kabisa usikilize, huo ni ubeti wa tano unaletewa ukiwa umesimama.

Hatari moja tu: maji kutoka. Hayana adabu, yatakuja saa nane za usiku ukiwa ubeti wa nne na kituo chako chote ni ndoo tupu. Hapo weka penseli chini, jaza mitungi yote ya lita 20, jaza sufuria, jaza hata birika la kahawa. Shairi likunje ulitie chini ya godoro lilivyo, usiligeuze kuwa la shukrani. Ikifika Alhamisi utalihitaji.