Simba Wangu Amerudi, Mlinzi Bado

Jumamosi alfajiri nilitoka nje nikakuta simba wangu hayupo. Ni simba wa saruji, na siku nilipomnunua kando ya Barabara ya Ngong walimbeba vijana wawili huku wakihema. Nilimpata kituo cha matatu mbele ya mtaa wetu, yuko foleni nyuma ya bata watano wa jirani na sungura wa nyumba ya kona. Bata wa kwanza alikuwa amefungwa leso kichwani, na miguuni pake kuna sarafu ya shilingi 20, nauli tayari. Twiga wa chuma, kazi ya mafundi wa jua kali, alisimama pembeni na shuka nyekundu begani. Huyo ndiye makanga.

Nilicheka sana. Watoto walikataa kwenda kunywa chai. Hakuna sanamu iliyovunjika, na aliyebuni foleni ile ana kipaji.

Kufikia saa tatu, mlinzi wetu wa usiku alikuwa amesimamishwa kazi.

Hapo ndipo kicheko kiliponiishia. Kitabu chake cha matukio kilifunguliwa getini tukiwa tumesimama, na kwa mwandiko wake wa kukandamiza kalamu ameandika: "Saa 8.40 usiku. Nimezunguka, kila kitu shwari." Mstari huo ndio uliomponza. Mtaa una mageti mawili, naye yuko peke yake na tochi moja. Akiwa geti la nyuma, la mbele halina mtu. Hilo sote tunalijua, maana ni sisi wakazi tuliokataa kulipia mlinzi wa pili.

Ufaransa, katika miaka ya tisini, kulikuwa na kundi lililochukua sanamu za vijizee vya kofia nyekundu kutoka bustanini, likidai linazikomboa. Mwaka 1997 kiongozi wake alipewa kifungo cha nje kwa kuiba zaidi ya 150. Kule aliyejibu ni aliyechukua. Huku kwetu anayejibu ni aliyekuwa zamu. Nairobi twiga wa chuma akikosekana usiku, nani atafikiria utani? Mtu hufikiria mizani ya vyuma chakavu, biashara ambayo serikali iliwahi kuipiga marufuku Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Na wa kwanza kudhaniwa kwamba amekula njama ni yule mwenye ufunguo wa geti.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa na mwenzake wa kazini, kabla ya kumfuta kwa utovu wa nidhamu. Nimeiomba kamati yetu iikumbushe kampuni ya ulinzi jambo hilo kwa barua, na tumlipe sisi wenyewe siku alizokosa. Ni mtu ambaye mvua ikinyesha usiku hutoka kibandani kunishikia mwavuli hadi mlangoni.

Na nyinyi mliopanga foleni, naamini ni vijana wetu, maana mbwa hawakubweka. Mkutano ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, pale getini. Njooni. Sitaki mtu aadhibiwe. Nataka mseme mbele ya msimamizi wake mlipitia wapi, na kwamba si yeye aliyewafungulia.