PyYAML: kuvunja programu za watu ili kuzilinda

PyYAML ni maktaba, yaani msimbo uliotengenezwa tayari, ambayo programu za Python huitumia kusoma faili za YAML, maandishi yanayotumika sana kuandika mipangilio ya programu. Tazama mstari huu:

!!python/object/apply:os.system ["whoami"]

Uweke kwenye faili la YAML, kisha programu ya Python ilisome kwa yaml.load ya zamani. Amri iliyomo itatekelezwa papo hapo. Hii inauliza tu jina la mtumiaji. Mwenye nia mbaya ataandika ya kufuta data au kuiba nywila, nayo itapita kwa mamlaka yale yale ya programu iliyofungua faili.

Dawa ilikuwepo muda mrefu. safe_load husoma data za kawaida tu, kama maandishi, namba, tarehe na orodha. Lakini watu huandika kilicho kifupi, na kifupi ndicho kilichokuwa hatari. Je, wenye maktaba wawaachie watumiaji wajichunge, au wabadilishe load yenyewe hata kama programu za watu zitakwama?

Mwaka 2018 walijaribu njia ya pili. Toleo la 4.1 liliifanya load kuwa salama, na ile ya zamani ikapewa jina la danger_load. Programu zilizotegemea tabia ya awali zikavurugika, toleo likaondolewa. Waliolalamika walikuwa na hoja: mtu anayesoma faili aliloliandika mwenyewe, kwenye seva yake, kwa nini asimamishiwe kazi kwa sababu ya hatari isiyomfikia?

Ikaja suluhu ya katikati, toleo la 5.1 la Machi 2019: onyo kwenye skrini kwa anayeita load bila kutaja Loader (kisomaji cha kutumia), pamoja na kisomaji kipya, FullLoader, iliyokusudiwa kuruhusu mengi bila kuruhusu amri holela. Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mwaka 2020 FullLoader ikapenywa, 5.3.1 ikaziba, ikapenywa tena, na 5.4 ikaziba upya mwanzoni mwa 2021. Ukianza na kila kitu kisha ukaondoa vya hatari kimoja kimoja, mshambuliaji anahitaji kimoja tu ulichosahau. Na onyo? Limezama kwenye kumbukumbu za seva ambazo hazisomwi na mtu.

Toleo la 6.0, Oktoba 2021, likakata shauri: usipotaja Loader, programu inasimama.

TypeError: load() missing 1 required positional argument: 'Loader'

Naliunga mkono. Kosa linaonekana, linataja kinachokosekana, na hurekebishwa kwa kubadilisha neno moja. Hata hivyo wapinzani hawakukosea kuhusu tabia za watu. Wengi waliandika PyYAML<6, yaani toleo lolote chini ya la 6, kwenye orodha ya maktaba zao na kuendelea na shughuli, hivyo wakabaki na load ileile, na marekebisho yajayo yakawapita.

Kuna mtego mwingine usiozungumzwa sana. Mwenye haraka, akiona kosa lile, anajaza Loader=yaml.Loader, jina linaloonekana la kawaida kabisa. Kumbe hiyo ina uwezo uleule wa UnsafeLoader, kisomaji kisicho na ulinzi: mstari wa os.system unapita bila kizuizi. Kwa hiyo 6.0 ilimlazimisha mtu achague, kisha ikauacha mlango hatari na kibao kisicho na onyo lolote. Laiti jina hilo lingefutwa siku ileile, anayetaka hatari angelazimika kuandika neno Unsafe kwa mkono wake, na anayekagua msimbo angeliona.