Kuna Mtu Amefunga Mvua

Kilima chenye mnara wetu kiko nje kidogo ya Bukoba, na mawingu yanayojikusanya juu ya Ziwa Victoria usiku hutupigia hodi kabla ya alfajiri. Radi ya kawaida hubeba ampea kama 30,000. Sisi kule juu tuna antena za intaneti, na chini kuna kibanda chenye swichi ya mtandao, rauta na betri. Ndiyo maana kila waya wa mtandao unaoshuka tumeufunga aresta, yaani kikingio cha radi, na kila aresta imeungwa kwenye waya mnene wa shaba unaoishia ardhini. Aresta haiui radi. Inaionyesha tu njia ya kwenda udongoni. Ukikata njia hiyo, umebaki na pambo la ukutani.

Shida ya kilima kile ni mwamba. Udongo mkavu, kipimo cha athi, yaani ugumu wa umeme kupita kwenda ardhini, kinagoma kushuka. Tukafanya wanavyofanya mafundi wengi: shimo refu, rodi ya shaba katikati, mkaa wa kutunza unyevu, chumvi ya mawe ya kusaidia umeme upite. (Chumvi huila shaba taratibu, najua, lakini bajeti nayo ilikuwa imeliwa.) Kipimo kikashuka chini ya omu 5 (omu ndiyo kizio cha ugumu huo). Mlinzi wetu, mzee mmoja mpole, akapewa kazi ya kulimwagia shimo maji kila jioni kiangazi chote.

Sasa hebu wewe uwe jirani unayechungulia kutoka migombani. Wageni wamechimba shimo jua likizama. Wamemimina mkaa na chumvi, wamezika fimbo inayong'aa, wamefukia. Tangu hapo kila magharibi mzee anakuja na ndoo, anamwaga maji polepole huku midomo ikicheza. Alikuwa akiulalamikia mshahara wake, lakini kwa mbali ilionekana dua kabisa.

Mwaka huo mvua ikachelewa.

Mzee akanipigia simu. "Fundi, zindiko lako wamelitoa."

"Zindiko gani, mzee?"

"Lile la chumvi. Wamemleta mganga. Amelikuta."

Alfajiri iliyofuata mvua ikashuka kama iliyokuwa imefungiwa kweli. Ikaja na radi, radi ikatua mnarani, ikatafuta njia ya udongoni isiione. Ikapita na waya za mtandao hadi kwenye swichi, ikatokea kwenye chaja ya betri. Nilipofungua kibanda, matundu ya swichi yalikuwa meusi kama sufuria ya makande, na rauta ilitoa harufu ambayo kila fundi anaijua na hakuna anayeipenda.

Nikaenda kikaoni kudai rodi yangu. Mwenyekiti akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Mwanangu, tumeitoa, mvua imenyesha. Wewe una hoja gani?"

Nikaeleza omu, nikaeleza ampea. Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hiyo hiyo fimbo inaita radi?"

"Hapana, bibi. Inaipitisha tu."

"Basi ikapitie kwenu."

Kikao kikavunjika kwa kicheko, cha kwao.

Rodi niliikuta kilingeni, imesuguliwa hadi unajiona sura, imesimamishwa pembeni ya vibuyu. Mganga hakuwa mtu mbaya. Alisema kuirudisha inawezekana, ila lazima aizike mwenyewe, ili wanakijiji waone haina tena la kufunga. Malipo: shilingi 80,000 na jogoo mweupe. Nikapiga hesabu ya swichi mpya, nikamtafuta jogoo.

Alisimamia kazi vizuri kuliko wasimamizi niliowahi kupewa. Aliagiza mkaa uongezwe, jambo ambalo hakuna kitabu cha umeme kingelipinga, na akapiga marufuku mtu yeyote kusogelea shimo. Tangu hapo hakuna aliyegusa hata nati. Nilipopima, athi ilikuwa nzuri kuliko mwanzo.

Kilichobaki ni mhasibu wetu wa Dar es Salaam. Alinipigia akiwa ameshika karatasi yangu ya matumizi.

"Hapa umeandika 'huduma ya athi, 80,000, na jogoo mmoja.' Risiti ya EFD iko wapi?"

Nikampa namba ya mganga wamalizane wenyewe. Nasikia ameambiwa risiti itapatikana, ila kwanza ataje jina la mama yake.