Toa Keria, Acha Boksi la Filta

Nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, Nanyamba, palikuwa na Honda CG125 iliyolala chini ya mkorosho miaka minne. Tairi zimekaa chini, tangi limepauka, kiti kimechanika mpaka sponji inaonekana, na kuku mmoja alikuwa ameshajitengenezea kiota chini ya injini. Kwa nyuma ilichomelewa keria ya nondo ambayo ungeweza kufungia kitanda kizima. Siku niliyomwambia mjomba kwamba naitaka, alinitazama kidogo, kisha akasema: "Mpwa wangu, hiyo imeshamaliza kazi yake. Imebeba korosho, imebeba wagonjwa, imebeba mashine ya kupulizia salfa. Sasa wewe unataka ibebe nini?"

Nikamjibu, "Inibebe mimi, mjomba."

Nilimaanisha hivyohivyo, na bado namaanisha. Huku kwetu Mtwara na Lindi pikipiki inahesabiwa kwa gunia na kwa abiria, na sina neno na hilo, maana nimesomeshwa kwa hela ya gunia na abiria. Lakini msimu wa korosho ukilipa vizuri, pikipiki mpya zinaingia vijijini na za zamani zinasukumwa nyuma ya nyumba. Huko zinauzwa kiungo kimoja kimoja: leo kabureta, mwezi ujao rimu, mwisho fremu inaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Ndani ya chuma kile mara nyingi kuna injini yenye uhai wa miaka mingine mingi. Naona ni haki chombo kilichotumikia familia kipewe maisha ya pili yasiyo na mzigo, na maisha yanayoifaa zaidi pikipiki ya aina ile kwenye ardhi ya aina hii ni ya skrambla, yaani pikipiki ya barabarani iliyopunguzwa vitu ili ipite porini.

Skrambla si kitu cha kitajiri. Neno lenyewe lilitoka Uingereza, kwenye mashindano ya kukimbiza pikipiki porini. Yale yanayotajwa kuwa ya mwanzo kabisa yalifanyika Camberley mwaka 1924. Wale watu hawakuwa na pikipiki maalumu za porini. Walichukua za barabarani, wakafungua kila kitu kinachoweza kuvunjika au kunasa kwenye vichaka, wakafunga tairi zenye meno, wakapanda. Viwanda vilikuja baadaye sana kuuza wazo hilohilo: Honda walitoa CL72 mwaka 1962, bomba lake la moshi limepita juu ubavuni. Siku hizi kuna skrambla mpya za Triumph na Ducati, nzuri sana, zenye bei ambayo kwetu unajengea nyumba. Lakini asili yake ni mtu na spana, akipunguza.

Na kama kuna pikipiki inayokubali kupunguzwa, ni CG. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwalenga watu kama sisi: wanaopakiza kupita kiasi na kuchelewa kubadilisha oili. Injini yake ya cc 124 haina cheni ya taimingi. Vali zinasukumwa na vifimbo kutoka chini. Haikimbii sana, lakini inasamehe mengi. Na Wachina wameiiga mno injini ile, kiasi kwamba pikipiki nyingi za bodaboda unazoziona leo ni wajukuu zake. Maana yake ni kwamba hata ukiwa Tandahimba, duka la spea lenye upana wa kitanda halikosi ringi, klachi au gaskiti inayoifaa. Hiyo ndiyo sababu ninawaambia vijana wasihangaike kutafuta pikipiki ya ajabu ambayo spea yake inasubiriwa kutoka nje miezi mitatu.

Kabla ya spana, kadi. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, na umiliki uhamishwe kwa jina lako hata kama aliyekupa ni mjomba. Ukibadilisha rangi, kadi nayo ibadilishwe. Sitaendelea hapo, kila mtu anajua.

Tulianza kufungua siku ya Jumamosi. Keria ya nondo, gadi ya chuma ya kukinga injini kwa mbele, stendi ya kati, vifuniko vya ubavuni, boksi la cheni lililokuwa limeoza, vyuma viwili ambavyo hata mjomba hakukumbuka vilikuwa vya nini. Vyote tukavifunga kwenye gunia tukavitundika kwenye mzani wake wa kupimia korosho. Kilo kumi na saba! Kwenye pikipiki ya kilo mia hivi, hiyo ni kama kumshusha mtoto wa shule ambaye umekuwa ukimpakia miaka yote bila kujua. Nilipoisukuma kutoka pale chini ya mkorosho nilihisi tofauti mikononi kabla hata haijawaka.

Furaha hiyo ya kupunguza ndiyo iliyonipeleka pabaya.

Kwenye picha za skrambla zinazopendwa, ile pembetatu iliyo chini ya kiti, kati ya kabureta na tairi la nyuma, huwa tupu. Unaona mpaka upande wa pili. Nami nikautaka uwazi huo. Nikafungua boksi la filta, nikalitupa uani, na mdomoni mwa kabureta nikafunga kifilta kidogo cha wavu kinachong'aa, kile kinachouzwa kama pambo. Ikapendeza kweli. Watu walisimama kuitazama pale sokoni.

Anayeujua mchanga wa uwanda wa Makonde ameshajua kilichofuata. Kiangazi, pikipiki moja ikipita njia ya mashambani, vumbi lake linabaki limening'inia kati ya mikorosho kwa muda mrefu, na anayefuata nyuma anakula lote. Nilizunguka hivyo wiki kadhaa. Mlio wa injini ukaanza kuwa mzito asubuhi. Kisha ikawa naongeza oili kila Jumapili. Siku moja nikapita mbele ya baraza la mjomba, naye hata kichwa hakuinua, alinyoosha mkono tu. "Zima hiyo. Inakula oili."

Fundi alipochomoa silinda aliipangusa kwa kitambaa, akakishika kidole changu na kukipitisha ndani, ukutani. Nikahisi mistari, mingi, kutoka juu kwenda chini, kama mtu amekwaruza kwa sindano. Hakusema kitu. Akaingiza kidole chake kwenye mdomo wa kabureta, akakitoa, akakisugua kwa gumba karibu na sikio langu. Nilisikia mchanga. Sauti ndogo kabisa, kama ya mtu anayetafuna mchele usiochambuliwa vizuri, mbali. Mpaka leo nikiona pikipiki yenye kifilta kile nasikia sauti ile.

Silinda ikachongwa, ikawekwa pistoni ya saizi inayofuata na ringi zake. Boksi la filta mjomba alikuwa ameliokota siku ileile nililolitupa na kulihifadhi stoo, na alinipa bila neno. Ndiyo maana nalisema hili kwa nguvu: boksi lile si takataka iliyoachwa na kiwanda. Linavuta hewa mahali palipotulia, mbali na vumbi la tairi, na jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, imepimwa kwa kiasi cha hewa kinachopita humo. Ukiliondoa, hewa inazidi petroli, injini inachemka, na mchanga unaingia moja kwa moja. Ulaya wanaweza kulitoa wakaendesha mjini siku za Jumapili. Sisi tunaishi juu ya mchanga wenyewe. Skrambla ya kusini lazima iwe na boksi la filta, na sponji yake ioshwe na kupakwa oili kila baada ya safari chache za vumbi. Pembetatu isiyo tupu haimpunguzii mtu uzuri.

Kitu kingine nilichokikatalia ni grenda kwenye fremu. Kuna fundi aliyekuwa ameshaiwasha, anataka kuikata nyuma ili kiti kiwe kifupi. Sehemu ile ndiyo inayoshika shokapu za nyuma kwa juu. Mkato ukikaribia pale, kinachoshikilia uzito wako ni mstari mmoja wa kuchomelea, na hakuna anayeweza kuona ndani ya mstari ule. Pikipiki iliyofunguliwa inaweza kurudishwa siku yoyote; iliyokatwa haiwezi. Kiti chetu kilifupishwa kwa njia nyingine: fundi makochi alikata sponji ikae bapa, akaishona kwa turubai zito la kahawia, na nyuma yake tukaacha kipande cha fremu kikionekana kama kilivyo. Mtu wa pili bado anaweza kupanda, akinibana.

Kilichobadilisha pikipiki kuliko vyote ni tairi na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, na hapo pesa isionewe uchungu. Niliikuta na vipara viwili. Nilifunga kashata, yaani tairi zenye meno, za wastani, si zile zenye meno makubwa mno, kwa sababu nusu ya safari zangu ni lami, na meno makubwa kwenye lami yenye maji yanateleza. Sproketi ya mbele ilikuwa na meno kumi na tano. Nikafunga ya kumi na nne, nyuma nikaacha thelathini na nane zilezile. Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, na sproketi ndogo ni rahisi zaidi kununua. Mwendo wa juu ukapungua kidogo. Lakini sasa nikiwa gia ya pili kwenye mchanga mzito injini inavuta bila kulalamika, wakati zamani ningekuwa nimeshashusha miguu yote miwili napiga makasia.

Mchangani upepo wa tairi nao ushushwe. Mimi natoka na psi 28 mjini, nikifika kwenye mchanga nashusha mpaka karibu psi 18, na pampu ya mkono naifunga chini ya kiti kwa ajili ya kurudi. Usishuke sana: tairi likizunguka ndani ya rimu linaburuta tyubu, na vali inanyofoka. Kisha simama kwenye vikanyagio, tazama mbali, usikate mafuta ghafla. Usukani mpana niliofunga unasaidia hapo kuliko kwenye picha.

Na sailensa? Iache. Nasema hivi nikijua nitawaudhi baadhi ya rafiki zangu. Bomba lililotobolewa halikuongezei nguvu kwenye injini ya cc 124. Linakuongezea kelele, na kijijini saa mbili usiku kelele ile inamfikia mgonjwa, mtoto mchanga na mzee anayetafuta usingizi. Hata kulipandisha bomba juu sikuona haja. Kwenye uwanda wetu hakuna mawe ya kuligonga. Ningekuwa mtu wa Masasi, napita kwenye miamba, labda ningefikiria tofauti. Madigadi nayo lazima yawepo yote mawili: nilinunua ya plastiki nikayafupisha, yale ya chuma nikayatunza. Masika yakifika utajua kwa nini.

Wanaonisimamisha njiani huuliza bei. Mpaka sasa imekula kama laki nne na themanini, na robo yake ni adhabu ya kile kifilta.

Asubuhi ninazozipenda ni za kwenda Msimbati. Natoka kukiwa bado na ubaridi, napita Madimba, na lami ikibaki nyuma mchanga unaanza kushika usukani kana kwamba kuna mtu mwingine anayetaka kuendesha. Ukigombana naye unaanguka. Ukilegeza viwiko, pikipiki inajitafutia njia yake, inayumba kidogo kulia, kidogo kushoto, inasonga, minazi inapita pembeni, na kwa dakika ishirini huna deni, huna bosi, huna simu. Ufukweni siingii nayo. Pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kasa wanataga mayai kwenye mchanga ule, na tairi halijui yai liko wapi. Naiacha chini ya mnazi, natembea kwa miguu mpaka majini.

Mwezi uliopita niliipeleka Nanyamba. Mjomba aliizunguka mara mbili, akabonyeza kiti, akainama kutazama boksi la filta kama lipo. Akavua kandambili zake, akavaa viatu vya kazi, akaniomba na helmeti. Kiki ya kwanza iliwaka. Alikwenda njia ya shambani, tukamsikia mpaka mlio ukapotea kwenye mikorosho, shangazi akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alirudi baada ya nusu saa nzima, vumbi mpaka kwenye kope, akaizima, akabaki amekaa juu yake.

"Ilikuwa na keria ya nini kumbe?" akasema.