Corlys Velaryon si mgeni kwetu

Nimechoka kusikia vijana wa hapa Unguja wakisema Corlys Velaryon, yule bwana wa bahari katika sizoni ya televisheni House of the Dragon, hafai kuwa mweusi. Nililisikia neno hilo mwaka 2022 sizoni hiyo ilipoanza, nikalisikia tena msimu wa pili ulipotoka. Juzi nimelisikia chumbani kwa binamu yangu Michenzani, tumekaa chini tunairudia sizoni tangu mwanzo. Kijana mmoja, msomi wa chuo, mweusi kuliko mimi na kuliko Steve Toussaint anayemuigiza Corlys, akasema: "Huyu wamemtia kwa nguvu tu. Kitabuni ni mweupe." Wenzake wakaitikia. Kitabu anachokisema ni Fire & Blood cha George R. R. Martin, ndicho kilichozaa sizoni hii.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, joka unalikubali?"

"Joka ni hadithi, kaka."

"Na Corlys?"

Akacheka, wengine wakataka tuache maneno wasikie, na mimi sikupata nafasi ya kumaliza. Basi namalizia hapa, maana jambo lenyewe ni kubwa kuliko kelele za chumba kile.

Sikatai watu kuhamaki kwa ajili ya sizoni. Sisi ni watu wa kubishana. Mji Mkongwe una baraza mashuhuri ya kahawa, Jaws Corner, iliyochukua jina la filamu, na pale hukosi wawili wanaogombana juu ya jambo lililotokea mbali kabisa na visiwa hivi. Mei 2019 vipande viwili vya mwisho vya Game of Thrones, sizoni iliyoitangulia hii, viliangukia ndani ya Ramadhani. Marekani vilirushwa Jumapili saa tatu usiku, na kwa saa zetu hiyo ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu, wakati wa daku hasa. Nyumbani sinia lilikuwa chini, televisheni imepunguzwa sauti ili tusiwaudhi majirani. Kengele za King's Landing zilipolia na Daenerys, malkia mwenye joka, akaamua kuuchoma mji uliokwisha kusalimu amri, dada yangu alibaki na tonge mkononi. Hakula tena. "Watoto wale wamekosa nini?" Alikuwa akiuliza hilohilo. Adhana ya alfajiri ikatukuta kipande hakijesha, tukazima, na kutwa nzima ya funga ile hakusemezana na shemeji yangu kwa kuwa alimtetea Daenerys.

Hasira ile ilikuwa yetu. Tuliangalia, tukaumia, tukasema. Duniani zaidi ya watu milioni moja walitia saini kutaka msimu wa 8 utengenezwe upya, lakini dada yangu alikwishahukumu kabla hajasikia habari ya saini hizo.

Hii ya Corlys imeazimwa. Ilianza huko Uingereza na Marekani tangu Toussaint alipotangazwa kuwa ndiye atakayeigiza, kabla mtu yeyote hajaona hata dakika moja ya kipande cha kwanza cha tarehe 21 Agosti 2022. Wale walioianza wana sababu zao, na sababu hizo zinatuhusu sisi kwa upande mbaya. Toussaint mwenyewe alilieleza vizuri: watu wanakubali joka linaruka, wanakubali nywele nyeupe na macho ya zambarau, ila mtu mweusi tajiri ndiye anayewashinda kumkubali. Sasa niambieni, kijana wa Mwembetanga anaikariri hasira hiyo neno kwa neno kwa faida ya nani?

Tumtazame Corlys ni nani. Ni baharia. Utajiri wake mkubwa aliufuata mwenyewe baharini, na ndiyo maana akaitwa Nyoka wa Bahari, jina la chombo chake. Kitabuni alifanya safari 9 kubwa. Alifika Qarth, akafika Yi Ti na Leng. Katika safari ya 9 alikwenda na shehena ya dhahabu, akanunua vyombo 20 hukohuko, akavijaza viungo, hariri na tembo. Kwa faida aliyoipata ukoo wake ukawa na mali kuliko ukoo wowote wa Westeros, bara la hadithi hiyo, akajenga kasri la High Tide, na kisiwani kwake ikakua miji ya biashara, Hull na Spicetown. Bwana wa kisiwa, mwenye bandari, anayefanya biashara ya viungo, anayeoa katika ukoo wa kifalme na bado wafalme wanamhitaji yeye kwa sababu merikebu ni zake. Mtu kama huyo watazamaji wa Norway wanaweza kumuona mgeni. Sisi hatuwezi.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Ukisimama upande wa gati ukatazama ng'ambo ya maji, ile ni Mtambwe Mkuu. Maji yakitoka unaingia kwa miguu, suruali umeikunja, tope mpaka kwenye vifundo. Ukifika huoni kikubwa: vipande vya kuta, mikoko, makaburi. Lakini mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua pale zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogondogo, zimezikwa karibu miaka 1,000 iliyopita, na nyingi kati ya hizo zina majina ya watawala wa pwani hii. Watu waliokuwa wakipiga fedha zao wenyewe. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji mkubwa wa bandari, na wakazi wake wengi akawaeleza kuwa ni weusi hasa. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China kuwa zawadi kwa mfalme wao. Haya hayamo katika hadithi ya majoka, yamo katika tarikhi yetu, na nyingine iko chini ya tope tunalolikanyaga tukienda kuokota chaza. Mweusi mwenye merikebu na viungo si kitu kilichobuniwa ofisini mwaka 2021 ili kumridhisha mtu. Aliwahi kuishi, na kama kuna mahali duniani ambapo mtazamaji angemuona Corlys na kusema "huyu namjua", ni hapa.

Kwa nini linaniuma hivi? Kwa sababu maneno yale ya ugenini yalipofika hapa yalikuta nafasi yao tayari. Nimekua nikisikia mtoto mchanga akisifiwa kwa nywele za singa kabla hata hajaulizwa afya yake. Nimeona posa ikirudishwa kwa maneno mazuri barazani, kumbe jikoni wanaambizana sababu ni rangi ya kijana. Nendeni Darajani mkahesabu makopo ya mkorogo yanayouzwa kwa wasichana wenye ngozi ambayo Mungu ameitengeneza vizuri kabisa. Kijana aliyelelewa humo, akimuona mtu mweusi amekaa kwenye kiti cha enzi cha Driftmark, kisiwa chake, anavaa vizuri, anasema na wafalme bila kuinama, moyo wake unamwambia pana kosa mahali. Halafu anakwenda kulitafuta kosa hilo kitabuni. Hakusema Toussaint anaigiza vibaya. Hakuna aliyesema hivyo chumbani mle, na hawawezi, maana ile sauti na ule utulivu wake vinatosha kumfanya mtu aamini kwamba amezunguka dunia. Wanachokataa ni yeye kuwa pale tu.

Na hicho kitabu wanachokiegemea wakisome vizuri. Fire & Blood, cha mwaka 2018, hakikuandikwa kama riwaya ya kawaida. Kimeandikwa kama tarikhi, na huyo mwandishi aliyemo ndani ya hadithi anapima habari za watu wasiopatana: kasisi Eustace, tabibu mkuu Munkun, na Mushroom, mchekeshaji wa ikulu anayependa uchafu. Mambo mengi mtu huyasoma kwa namna tatu na kuachiwa achague mwenyewe. Haya, weupe wa Velaryon haumo katika wanayobishania hao. Asili yao ni Valyria, dola ya kale ya hadithi hiyo, ngozi nyeupe na nywele za fedha, kimeandikwa hivyo na mimi sikigeuzi. Lakini George R. R. Martin mwenyewe ameshaeleza kwamba zamani aliwahi kuwafikiria mabwana wa majoka wa Valyria kuwa watu weusi. Na Septemba 2024, alipokasirika akaandika hadharani kuwalaumu watengenezaji, alilalamika juu ya mtoto Maelor kuondolewa kwenye hadithi na mambo yatakayoharibika mbele kwa sababu hiyo. Mwenye hadithi aliona kasoro, akaitaja kwa jina. Haikuwa rangi ya Corlys.

Iko hoja moja ya wasomaji ambayo nawapa, ingawa shingo upande. Watoto watatu wa Rhaenyra, binti wa mfalme anayegombea kiti, yaani Jacaerys, Lucerys na Joffrey, kisheria baba yao ni Laenor, mtoto wa Corlys, na mji mzima unanong'ona kwamba baba wa kweli ni Harwin Strong. Kitabuni mnong'ono huo una pa kujifichia: Rhaenys, mama yake Laenor, ana nywele nyeusi alizozipata kwa mama yake wa ukoo wa Baratheon, kwa hiyo mtu anaweza kusema wajukuu wamefuata upande wa bibi yao. Kwenye televisheni Laenor ni chotara mwenye nywele nyeupe, Rhaenyra mweupe wa nywele nyeupe, watoto weupe wa nywele za kahawia, na shaka yote imekufa. Kila mtu ikulu anaonekana kujifanya haoni. Hapo hadithi imepungua, kweli imepungua. Lakini kilichoipunguza ni nywele za Rhaenys. Wangemuachia nywele zake nyeusi, Corlys angebaki vilevile alivyo na fumbo lingebaki. Na kwa mtazamaji wa Pemba lingebaki zaidi, maana sisi tumeona nyumba ya baba mmoja na mama mmoja, mtoto huyu mweusi tii, yule maji ya kunde, yule wa tatu watalii wanamsemesha Kiitaliano, na hakuna anayemtilia shaka mama yao.

Mengine wanayoyalalamikia watu nayakubali bila ugomvi. Giza limezidi, kipande cha 7 cha msimu wa kwanza nusu yake tulikuwa tunasikiliza tu. Uchi umezidi, na ndiyo sababu sizoni hii haiangaliwi sebuleni mbele ya wazee. Msimu wa pili ulikwenda polepole mno na ukakatika pale tulipokuwa tumejiweka sawa kwa vita.

Lakini msimu huohuo wa pili umetuletea Alyn wa Hull, na hapa nataka wale vijana wanisikilize. Alyn ni mtoto wa nje wa Corlys, baharia anayefanya kazi kwenye matengenezo ya chombo cha baba yake bila kutambuliwa. Anamuigiza Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Mwaka 2024 alitoa mchezo wa video, Tales of Kenzera: ZAU, aliouandika kutokana na msiba wa baba yake, na mchezo huo unaweza kuucheza wote kwa sauti za Kiswahili. Kiswahili hiki tunachokizungumza sisi. Naye yumo katika hesabu ya hao wanaosemwa wametiwa kwa nguvu.

Babu yangu alikuwa fundi wa madau. Nimekaa miguuni pake akikalafati, pamba imelowa mafuta ya nazi, anaisukuma kwa patasi kati ya mbao na mbao, na mwenye chombo amesimama juu yake anazungumza. Babu hakuinua macho. Alijibu kila alichoulizwa, kwa adabu, na mkono haukusimama. Nilipomuona Alyn mbele ya Corlys nilimuona babu: adabu ile, na kitu kingine chini yake ambacho tajiri hakipati hata akikinunua. Halafu katika kipande cha mwisho Corlys anakuja na neno la kutaka kumsaidia, na Alyn, aliyekaa kimya msimu mzima, anamwambia ilivyokuwa kukua bila baba, njaa, aibu, ndugu yake wa ndani ya ndoa akipewa kila kitu, na kwamba ataendelea kama alivyoanza, peke yake. Chumbani Michenzani, yule kijana wa chuo alipiga goti lake akasema, "Mwambie! Mwambie haki yake!" Binamu yangu akasema anamjua mtu wa namna hiyo mtaani kwao, na mtoto wa namna hiyo, na maneno yakahamia huko mpaka usiku mwingi. Hakuna aliyekumbuka tena kuuliza kitabuni Alyn ni rangi gani.

Hayo ndiyo mazungumzo ninayoyataka. Tukitaka kuwagombeza watengenezaji, tunalo la kuwagombeza: wamempa Corlys cheo cha Mkono wa Malkia, yaani mshauri mkuu wa Rhaenyra, lakini karibu msimu mzima wa pili wamemuweka gatini kutazama chombo kikitengenezwa. Mtu wa safari 9, katika misimu hiyo miwili hatukumuona akipandisha tanga safari ya maana. Spicetown hatukuuona ulivyo mchana, maghala, wachukuzi, vyombo vya kigeni vimetia nanga, na waliosoma kitabu wanajua kinachoungoja mji ule vita vikifika mlango wa bahari wa Gullet. Wakiuonyesha siku hiyo hiyo tu unapoangamia, tena gizani, watu watalia vipi kwa mji wasioujua?