Saa ya Kinshasa, saa ya Lubumbashi: tuazime moduli au tuandike wenyewe?

Mama mmoja anayeuza vitenge Katuba, hapa Lubumbashi, aliweka mbele yangu daftari la mdogo wake aliyeko Kinshasa, kando ya skrini yenye programu niliyomwandikia kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Malipo yale yale ya simu, kiasi kile kile, lakini daftari linasema Jumanne na programu inasema Jumatano. "Mwanangu, hii siku imetoka wapi?" Pesa ilikuwa imepokelewa Kinshasa saa tano na nusu usiku. Huku tuko saa moja mbele, kwa hiyo kompyuta ya dukani ilikuwa imeshavuka usiku wa manane. Sehemu ya saa niliiandika mwenyewe, kwa mkono, nikichukulia kwamba nchi moja ina saa moja. Niliiandika hivyo kwa sababu sikutaka kutegemea moduli, yaani kipande cha programu kilichoandikwa tayari, ya mtu nisiyemjua.

Tangu siku hiyo ubishi huu nauchukulia kwa uzito. Kati ya sisi tunaoandikia maduka na maghala programu ndogo, wako wanaosema azima kila kitu: mtu ameshatatua tatizo lako, kwa nini ulitatue upya? Na wako wanaosema usiweke kwenye mashine ya mteja kitu ambacho hujakisoma.

Wanaosema tuazime wana hoja nzito, na kosa langu ni ushahidi wao. Python yenyewe, tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, inayo moduli ya zoneinfo inayotambua Africa/Lubumbashi na Africa/Kinshasa kila moja kwa saa yake. Mistari mitatu tu, na Jumanne ya Kinshasa inabaki Jumanne. Ila Windows haiji na hazina ya saa ambayo moduli hiyo inaitegemea, kwa hiyo kwenye mashine ya mama ilibidi niongeze tzdata, yaani hazina hiyo ya saa, kutoka PyPI, ghala la moduli za Python kwenye intaneti. Haifiki hata mega moja. Na kazi yake siyo ya kufanywa na mtu mmoja: tarehe 1 Februari 2021 jirani zetu wa Sudan Kusini walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Ningelijuaje hilo nikiwa Katuba? Wapo watu wanaofuatilia mabadiliko hayo dunia nzima na kuyaandika. Nywila ni vivyo hivyo. Anayebuni mwenyewe njia ya kuzificha anamhatarisha mteja wake, hata awe hodari namna gani.

Upande wa pili, nimeona kijana akipakua Pandas, moduli kubwa ya kuchambua data, ili ajumlishe safu moja ya mauzo. Pandas haiji peke yake, inaivuta Numpy na nyingine, na kwa pamoja zinapita mega 20. Kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo, na umeme ukikatika upakuaji ukiwa nusu, hiyo ni gharama inayouma. Na kazi yenyewe csv, moduli ndogo ya kusoma majedwali, ingeifanya, nayo imo ndani ya Python tayari, pamoja na sqlite3 ya kutunza kumbukumbu na decimal ya kuhesabu pesa. Hiyo decimal naisisitiza kwa yeyote anayehesabu dola na faranga: jumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za kawaida, Python itakujibu 0.30000000000000004. Ukiirundika kwenye malipo ya mwezi mzima, hesabu inaweza kukataa kulingana.

Tena, cha kuazima kina mwenyewe. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa moduli zake kwenye npm, ghala la moduli za JavaScript, lugha nyingine ya programu. Mojawapo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, ya kuongeza nafasi mbele ya maneno. Miradi mingi mikubwa ikashindwa kujengwa hadi ghala lilipoirudisha. Mistari 11 ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiandika! Januari 2022 likatokea baya zaidi: mwenye moduli ya colors aliingiza kwa makusudi mzunguko usio na mwisho ndani ya kazi yake mwenyewe, na programu za watu zikaanza kutapika herufi zisizoeleweka.

Mimi nimefika hapa: naazima pale ambapo kanuni zinabadilika mbali nami bila mimi kuambiwa, kama saa, usiri wa nywila na mafaili ya programu nyingine. Jinsi mama anavyokopesha, nani anapunguziwa bei, lini deni linasamehewa, hayo naandika mwenyewe, kwa sababu hakuna moduli inayomjua yeye kuliko mimi niliyekaa dukani kwake.

Na ninachoazima nakiweka akiba. Nikiwa penye intaneti nzuri naiamuru pip, programu ya Python ya kupakua moduli:

pip download -r mahitaji.txt -d ghala

Kila moduli inaingia kwenye folda ya ghala, kwa toleo nililoliandika kwenye mahitaji.txt. Nikifika dukani na fleshi:

pip install --no-index --find-links ghala -r mahitaji.txt

Haiulizi intaneti hata kidogo. Sharti ni kupakulia kwenye mashine yenye mfumo ule ule na Python ya toleo lile lile, la sivyo moduli nyingine zitakataa. Kasoro yake naijua: ghala linazeeka. Tundu la usalama likizibwa leo, fleshi yangu haina habari, na nchi nyingine ikibadilisha saa, tzdata ya zamani itaendelea kusema uongo. Kwa hiyo kila miezi mitatu napakua upya na kujaribu kwangu kwanza kabla ya kugusa mashine ya mteja. Ni kazi, na siilipishi.

Sasa kwenye skrini ya mama kuna safu mbili za saa, ya Kinshasa na ya huku, bega kwa bega. Fleshi nimemwachia kwenye droo, ndani ya bahasha, na juu yake nimeandika kwa kalamu toleo la Python na tarehe ya kurudi.